Mkono Alioushika Sekenke

Rahabu alikuwa ameizoea sauti ya nyayo za Alute nyuma yake, kiasi kwamba ziliponyamaza aligeuka kwa hofu.

Hakuwa amepotea. Alikuwa amesimama tu kwenye ukingo wa mteremko wa Sekenke, kaniki imefungwa begani, mkuki umelala juu ya mabega, akiitazama mbuga ya Wembere kule chini. Vumbi la mbuga lilikuwa limepanda likakutana na jua la asubuhi, na dunia yote upande ule ikawa na rangi ya asali. Kwa mbali lori la Mwingereza lilikuwa likinguruma kupanda kilima, sauti yake ikija na kupotea.

"Unatazama nini, mwana wa Urbano?"

"Natazama ukame wenu, binti Elina."

"Wetu? Kwani kwenu Mkiwa inanyesha?"

Alute alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. "Hainyeshi. Ila kule hakuna anayesema baba yangu ndiye aliyeifunga mvua."

Rahabu aliweka kibuyu cha maji chini, juu ya jiwe bapa, akarudi nyuma hatua kadhaa. Ndipo Alute akasogea, akakiokota, akanywa, akakirudisha palepale juu ya jiwe na kurudi nyuma yeye pia. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakipeana maji tangu watoke Isambila. Hivyo ndivyo walivyopeana chakula, moto na hata mwiba wa kutolea mwiba mguuni. Kitu kiliwekwa chini, kisha kikaokotwa.

Isambila ilikuwa nchi ndogo juu ya vilima vya Iramba, na mvua yake iliitwa kwa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa pembe nyeusi ya tandala. Hiyo ilikaa katika nyumba ya utemi, na utemi kwao ulifuata damu ya mama. Cha pili kilikuwa jiwe jeupe, dogo kama yai la kanga. Hilo lilitunzwa na ukoo wa Kinyaturu wa kina Urbano, na hakuna mwingine aliyeweza kuligusa bila kudhurika. Pembe ikilia, jiwe hutoa machozi. Jiwe likitoa machozi, mvua haiko mbali.

Lakini kulikuwa na mwiko mmoja mkubwa. Mtu wa nyumba ya pembe na mtu wa nyumba ya jiwe wasigusane. Wakigusana, pembe itakuwa bubu mpaka mwisho wa dunia.

Zefania, kaka yake Rahabu, alipoupokea utemi kutoka kwa mjomba wao aliyefariki, jiwe lilipotea. Mzee Urbano akaitwa mwizi mbele ya watu, akafukuzwa, yeye pamoja na mwanawe mdogo, hadi Mkiwa. Mwana yule alikua. Na mvua zilipokataa msimu hadi msimu, ng'ombe wakabaki mifupa inayotembea, Alute alirudi mwenyewe, akasimama uani kwa mama yake Zefania, Mama Elina, akasema, "Baba yangu hakuiba. Nipeni mtu wa kubeba pembe. Ikilia karibu na jiwe, viganja vyangu vitalowa. Nitalitafuta mpaka nilipate."

Mama Elina alimpa Rahabu pembe bila kumwambia Zefania, maana Mtemi alikwisha kukataza jiwe lisitafutwe tena. Alimfunga pembe mgongoni kama anavyofungwa mtoto. Kisha akamshika kidevu.

"Hata ukianguka mtoni, asikushike. Umenisikia? Hata ukifa."

"Nimesikia, mama."

Na kweli alikuwa amesikia. Ila mama hakumwambia afanye nini na macho.

* * *

"Puliza hapa," Alute alisema.

Walikuwa wamefika kwenye mashimo ya dhahabu yaliyoachwa na Wajerumani. Mbao zilikuwa zimeoza, chuma kimeshika kutu, na mizabibu pori imetambaa juu ya kila kitu. Upepo uliingia katika mashimo yale na kutoka ukiwa na sauti nyingine, kama watu wanaonong'ona chumba cha pili.

Rahabu aliifungua pembe, akaiweka mdomoni. Ilitoa sauti nzito, tamu, iliyokwenda hadi ng'ambo ya bonde na kurudi.

Alute alifumba macho. Alipoyafumbua aligeuza viganja vyake juu. Vilikuwa vinang'aa kwa maji.

"Ni hapa," alisema polepole. "Baba, ni hapa."

Rahabu alimsikia akimwita baba yake, na kwa mara ya kwanza alisahau kuwa mtu huyu alipaswa kuwa adui. Alipiga hatua mbele kutazama ndani ya shimo. Hakuona ubao uliokuwa chini ya majani.

Ubao ulivunjika.

Hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Ardhi iliondoka, mwanga ukapanda juu kwa kasi, kisha kitu kikamfunga kifundo cha mkono kwa nguvu iliyomuumiza. Akabaki ananing'inia. Juu yake Alute alikuwa amelala kifudifudi, uso umeiva kwa jitihada, mkono wake umeushika mkono wa Rahabu.

"Usitazame chini," alisema. "Nitazame mimi."

Akamtazama. Alute akamvuta, kidogo kidogo, mpaka wote wawili wakawa wamelala juu ya udongo mwekundu wakihema. Mkono ulikuwa bado umeshikwa. Ndege alilia mara moja kwenye mti, akanyamaza.

Rahabu alikuwa wa kwanza kuuchomoa mkono wake.

"Umefanya nini?"

"Umeumia?"

"Nimekuuliza, umefanya nini!" Sauti yake ilipasuka. "Ungeniacha!"

"Nikuache uanguke?"

"Ndiyo! Ningekufa mimi mmoja. Sasa umeiua mvua ya nchi nzima. Wale watoto waliovimba matumbo kule nyumbani, utawaambia nini? Utawaambia ulimwokoa binti mmoja?"

"Sijui nitawaambia nini." Alute aliketi, akayakumbatia magoti yake. "Sikuwaza, binti Elina. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipokumbuka mwiko nilikuwa nimeshakushika, na nilipokumbuka sikukuachia. Hilo la pili ndilo kosa langu. Nililifanya kwa akili zangu zote."

"Kwa nini?"

Alute aliokota kipande cha ule ubao uliovunjika, akakigeuza mkononi.

"Mwana wa Urbano, kwa nini?"

"Kwa sababu ya nyumba," alisema hatimaye, bila kumtazama.

"Nyumba gani?"

"Utanicheka. Tangu tutoke Isambila naota ndoto moja. Kuna nyumba kando ya ziwa, na ziwa limejaa ndege wekundu, wengi mpaka maji hayaonekani. Kuna mwanamke anapepeta mtama uani. Nikimwita hageuki, ila najua kwamba akigeuka..."

"Ana kovu kwenye nyusi," Rahabu alisema taratibu.

Alute aligeuka upesi.

Rahabu alikuwa amegusa nyusi yake ya kushoto, mahali alipoangukia jiko akiwa mtoto. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Na mlango wa nyumba ile umepakwa chokaa upande mmoja tu, upande wa pili umeachwa. Kila nikiota nakasirika, nasema, huyu mwanamume kwa nini hakumaliza kupaka mlango? Na mimi sigeuki kwa sababu nalia, sitaki unione."

Walitazamana. Kwa safari nzima kila mmoja alikuwa akiamka asubuhi na kuukwepa uso wa mwenzake, akidhani siri ni yake peke yake.

"Rahabu," Alute alisema. Lilikuwa jina tu, ila hakuwahi kulitamka kabla.

"Usiniite."

"Rahabu."

"Nimesema usiniite! Tumekwisha kuharibu vya kutosha." Akajifuta machozi kwa kiganja chenye udongo. "Nenda katoe jiwe. Hata kama pembe imekufa, jina la baba yako litapona. Angalau hilo."

Alute akafungua kamba aliyojizungushia kiunoni, akaifunga kwenye mti na kuteremka shimoni.

Rahabu alibaki na pembe mapajani. Hakuthubutu kuijaribu. Aliipapasa tu kama mtu anavyopapasa paji la mgonjwa.

* * *

Alute alipopanda tena, alikuwa na jiwe kiganjani. Lilikuwa limefungwa katika kipande cha kitambaa chekundu chenye pindo la uzi mweupe.

Rahabu alikitambua kabla hakijafika karibu. Mama yake ndiye aliyeushona uzi ule. Lilikuwa pindo la joho la kutawazwa kwa Mtemi.

"Hapana," alisema. "Hapana, hiki si..."

"Ni cha kwangu," sauti ilisema nyuma yao.

Zefania alikuwa amesimama kati ya miti, gobori limeelekezwa kifuani kwa Alute. Hakuja na watu. Kanzu yake ilikuwa imechanika na miiba, na mkono wake wa kuume, ambao siku zote aliufunga kitambaa akisema uliungua moto, ulikuwa umeshika mtutu vibaya.

"Shikamoo, kaka," Rahabu alisema, kwa sababu mdomo wake haukujua neno lingine.

"Marahaba, dada yangu." Aliitikia kwa upole uliotisha zaidi ya ukali. "Nimeifuata sauti ya pembe tangu Misigiri. Mnapuliza vizuri. Mwambie kijana aweke jiwe chini."

"Kaka, ni wewe?"

Zefania akafungua kitambaa mkononi kwa meno. Vidole vilikuwa vimesinyaa na kukunjana kama mizizi.

"Nililigusa mara moja tu," alisema. "Kupitia kitambaa. Uone lilivyonifanya."

"Lakini kwa nini? Watu wamekufa! Mzee wa watu umemwita mwizi!"

"Kwa sababu haikulia!" Alipaza sauti, na ndege wakaruka mitini. "Mjomba alipokuwa anakata roho alinipa pembe. Nikaenda nayo kilimani peke yangu, niijaribu kabla ya siku ya kutawazwa. Nilipuliza mpaka damu ikatoka puani. Kimya. Nikarudi nyumbani nikaiweka kitandani, na wewe, kitoto, ukaingia ukaichezea. Ikalia. Unakumbuka? Uliichezea kama filimbi, nyumba nzima ikatetemeka. Nikakupiga."

Rahabu alikumbuka kipigo. Hakuwahi kujua sababu yake.

"Kama jiwe lingekuwepo, wangeniambia niite mvua mbele ya nchi nzima. Nikaona heri jiwe lisiwepo. Nilidhani mvua itakuja yenyewe, kama inavyokuja kwa watu wengine. Haikuja."

"Ungeniambia mimi," Rahabu alisema. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomuumiza Zefania kuliko yote. "Ningekaa nyuma yako nikapuliza. Nani angejua? Ungebaki Mtemi, na mimi ningebaki dada yako."

Mtutu wa gobori ulishuka kidogo, kisha ukapanda tena.

"Sasa haina maana. Nimewaona. Amekushika mkono." Alicheka, lakini kilichotoka kilikuwa karibu na kilio. "Pembe imekufa mkononi mwako, Rahabu. Sasa tuko sawa, mimi na wewe. Tulitupe jiwe ziwani Kitangiri, turudi nyumbani, na huyu aende zake. Nitasema hamkuliona."

Alute aliweka mkuki chini. "Mtemi, nisikilize. Mwache arudi. Kama mvua imekufa, nitasema ni mimi niliyeiua. Nitasema nililiiba jiwe mimi, baba hakujua. Wanifunge, waniue, vyovyote. Yeye asiwekewe lawama."

"Nyamaza," Rahabu alimwambia.

"Rahabu, hii ndiyo njia pekee ya..."

"Nimesema nyamaza, Alute."

Ilikuwa mara ya kwanza yeye naye kumwita kwa jina, na Alute akanyamaza kweli. Rahabu alisogea mpaka akasimama mbele yake, kati yake na mtutu. Kama pembe imekufa, alifikiri, acha nijue sasa, nikiwa hapa, wala si nyumbani mbele ya macho ya watu. Na kama nimeiua kwa kushikwa, sitasema uongo kwamba nilijuta kushikwa.

Akamshika mkono Alute. Akaushika vizuri, vidole ndani ya vidole. Kwa mkono wa pili akainua pembe.

"Dada, usijiaibishe," Zefania alinong'ona.

Akapuliza.

Mwanzoni ilikuwa pumzi tu. Alute aliuhisi mkono wa Rahabu ukilegea kwa kukata tamaa, naye akaukaza. Rahabu akapuliza tena. Ndipo ikaja, si ile sauti nzito waliyoizoea, bali sauti mbili kwa pamoja, moja chini na moja juu, kama mwanamume na mwanamke wanaoimba wakienda shambani. Iliteremka mteremko wa Sekenke na kuenea mbugani, ikaendelea kwenda hata Rahabu alipotoa pembe mdomoni.

Jiwe katika kiganja cha Alute lilitoa tone moja. Kisha jingine. Kisha maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Hakuna aliyesogea. Upande wa Wembere, vumbi lile la rangi ya asali lilianza kugeuka kijivu, likawa zito, likasimama. Upepo ulibadilika. Ulikuja na harufu ambayo watoto wadogo wa Isambila hawakuwahi kuinusa.

Zefania aliacha gobori lianguke. Akaketi juu ya udongo kama mtu aliyetembea maisha yake yote, na tone la kwanza likampiga kwenye kile kiganja kilichosinyaa. Alilitazama, akalia kwa sauti, bila kujificha.

Rahabu alipiga magoti mbele yake. "Inuka, kaka. Twende nyumbani."

"Niende nikaseme nini?"

"Useme ulichotuambia. Useme mwenyewe. Mimi sitakusemea."

* * *

Isambila waliiona ikiwa ndani ya mvua. Wanawake walikuwa wametoka na vyungu, masufuria na kila kilichoweza kukinga, vigelegele vinapokezana toka ua hadi ua. Wazee walisimama nje wakilowa kwa makusudi.

Mama Elina aliwapokea chini ya upenu. Zefania hakungoja kuulizwa. Alipiga magoti matopeni mbele ya mama yake na wazee, akasema yote, kuanzia kilimani hadi kwenye kitambaa chekundu, na hakujipunguzia hata kidogo. Alipomaliza alivua kofia ya utemi, akaiweka miguuni pa mama. Wazee walitazama chini. Mama Elina hakuigusa.

Macho yake yalikuwa yamekwama kwenye mikono ya Rahabu na Alute, ambayo ilikuwa imesahau kuachana.

"Nilikwambia nini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Shikamoo, mama. Nisamehe..."

"Sijakuuliza msamaha. Pembe ililia kabla hajakushika, au baada?"

"Baada, mama."

"Baada kidogo? Mlikuwa mmekwisha kuachana?"

"Tulikuwa tumeshikana. Ilipokuwa inalia, tulikuwa tumeshikana."

Mama Elina alishika nguzo ya upenu. Rahabu alidhani anatafuta kitu cha kuwapigia. Lakini mama aliteleza taratibu na nguzo ile mpaka akaketi chini, miguu nje kwenye mvua, na alipozungumza hakuwa anazungumza nao.

"Alinyoosha mkono," alisema. "Tulikuwa wasichana na wavulana tunachota maji, akanyoosha mkono anivushe kijito. Urbano. Alinyoosha, akangoja. Kijito chenyewe hata hakikuwa na maji mengi. Nikarudi nyuma. Nikasema, watu watakosa mvua kwa ajili yangu. Akaniangalia, akaushusha mkono wake, na hakuniuliza tena." Akapangusa uso, ingawa mvua iliulowesha tena palepale. "Na baba yenu alikuwa mtu mwema. Sisemi kitu. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu."

Rahabu hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia. Alichuchumaa, akamkumbatia, wote wawili wakilowa.

Baada ya muda Mama Elina alimtazama Alute. Alimtazama kama anayetafuta uso mwingine ndani ya uso ule.

"Mama yako yuko?"

"Alifariki, mama. Zamani kidogo."

"Pole, mwanangu." Akatazama upande wa Mkiwa. "Na huko Mkiwa, baba yako nani anampikia?"

"Anapika mwenyewe."

"Anajua kupika?"

Alute alisita. Alikuwa kijana mwenye heshima, na baba ni baba. "Hajui, mama."

Mama Elina alicheka. Kicheko kilimtoka kwa ghafla, cha kisichana, hata wazee wakageuka. Akainuka, akakung'uta tope kwenye kanga yake kana kwamba ingesaidia, akamgeukia mwanawe aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Zefania. Wewe ndiye uliyemfukuza Urbano kwa njia ya Mkiwa. Wewe ndiye utakayetangulia kwenye njia hiyo kwenda kumwomba radhi. Inuka."

"Mama, mvua hii? Tungoje ipite."

"Nimengoja vya kutosha," alisema Mama Elina, na akatoka chini ya upenu, kichwa wazi, akashika njia.